Kabla Hujatamani Mume Mwenye Cheo Serikalini

Shosti, ukiona shangingi lenye namba za STK limepaki nje kwa mwenzio, usianze kumwonea gere. Mume wangu ni mtumishi wa Serikali, afisa kilimo, miaka 16 sasa. Tuko hapa Kamsamba, bondeni kabisa wilayani Momba, kwenye joto na mpunga. Hata pikipiki ya ofisi anaisubiri zamu! Ila anaota siku moja awe Katibu Mkuu wa wizara. Simkatazi. Nimemwambia tu tuangalie kwanza safari za waliofika.

Tukamchukua marehemu Balozi Mhandisi John Kijazi. Huyu si wa kupigiwa kura, ni mtu wa barabara na madaraja. Alifika Katibu Mkuu Wizara ya Ujenzi, waziri akiwa John Magufuli. Ungedhani kwa mhandisi hapo ndiyo mwisho. Wapi! Akapelekwa kuwa Balozi India, miaka mingi mbali na nyumbani. Machi 2016 Magufuli, sasa Rais, akamrudisha kumrithi Ombeni Sefue kama Katibu Mkuu Kiongozi: mkuu wa utumishi wa umma nchi nzima na katibu wa Baraza la Mawaziri. Mtumishi hapandi zaidi ya hapo.

Alifariki Dodoma 17 Februari 2021. Wiki moja baadaye Rais alizindua barabara za juu za Ubungo, zenye jina la Kijazi. Mume wangu akifika hapo kwenye hadithi anatabasamu. Mimi nakumbuka kwamba mtu huyo alikufa akiwa bado kazini.

Na aliyemfuata? Dk. Bashiru Ally alikikalia kiti hicho kama mwezi mmoja tu, mpaka 31 Machi 2021. Vyeo hivi ni vya uteuzi wa Rais. Unalala bosi, asubuhi inatoka taarifa ya Ikulu, na hakuna anayekuuliza mtoto yuko darasa la ngapi.

Haya, sasa ni zamu yetu. Barua imetoka, anatakiwa wizarani Dodoma. Si cheo kikubwa, lakini ndiyo mlango wenyewe. Mimi nina mashine ya kukoboa mpunga, na wateja nimewatafuta miaka tisa. Posho ya uhamisho inasafirisha makochi, wateja haiwasafirishi. Tumebishana usiku tatu mfululizo (majirani watanisamehe). Tumekubaliana atangulie, awe anakuja likizo, mimi nifuate mkubwa wetu akimaliza kidato cha nne. Simu kila usiku, na mshahara tunaupangia matumizi wote wawili.

Mama mkwe amekuja juu, eti namwachia mume wanawake wa mjini. Nikamwambia, "Mama, siku akitenguliwa tutakula nini kama si mashine hii?" Kanuna mpaka leo.

Jumatatu anapanda gari la Tunduma.