Kwa nini "ng'ombe" hufika kwenye simu ikiwa "ngâ€™ombe"?

Msikilizaji wetu, huenda umewahi kupokea ujumbe wa namna hii: "Mnada wa ngâ€™ombe ni Jumamosi." Wengi wetu hudhani simu imeharibika au imeingiwa na virusi. Simu ni nzima. Kompyuta mbili zimeshindwa kuelewana juu ya alama moja ndogo, ritifaa, ile tunayoiweka katika ng'ombe, ng'ambo na Ring'wani.

Herufi ni namba

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha iitwayo ASCII, yenye nafasi 128. Humo A ni 65, na ritifaa nyofu (') ni 39. Kiswahili chote kinaenea katika orodha hiyo.

Shida huanza na ritifaa iliyopinda (’). Programu za kuandikia barua, kama Word, huipindisha zenyewe bila kukuuliza. Alama hiyo haimo katika zile nafasi 128. Katika mfumo wa zamani wa Windows ni namba 146. Katika UTF-8, mfumo uliobuniwa mwaka 1992 na unaotumika karibu kote kwenye intaneti leo, huandikwa kwa namba tatu: 226, 128 na 153. Kompyuta inayozisoma namba hizo moja moja kwa mfumo wa zamani hupata â, kisha €, kisha ™. Ndiyo hayo makorokoro unayoyaona.

Mafundi hujaribuje?

Kazi ya kubadili mfumo mmoja kwenda mwingine hufanywa na vifungu vya programu vinavyoitwa maktaba, na kila maktaba ina tabia yake. Mpe neno Ring’wani lenye ritifaa iliyopinda, uitake ilipeleke kwenye ASCII. Maktaba ya glibc, iliyomo katika kompyuta nyingi za Linux, husimama na kusema kuna kosa. Ikiruhusiwa kukadiria, huweka ritifaa nyofu. Ile ya musl, inayotumika katika Linux nyepesi, haisimami: huweka nyota, ikatoka "Ring*wani". Programu nyingine huweka alama ya kuuliza.

Kwa hiyo fundi makini hujaribu neno lile lile katika kila maktaba, kisha hulirudisha lilikotoka na kulinganisha. Likirudi pungufu, mfumo haufai kutunza majina ya watu.

Hasara iko wapi?

Ya kwanza ni pesa. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160. Ritifaa nyofu imo katika orodha ya simu, iliyopinda haimo. Ukiweka moja tu iliyopinda, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Ukizidi hapo, ujumbe hukatwa vipande vya herufi 67. Chukua katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anayetuma ujumbe wa herufi 140 kwa wanachama 200. Kwa ritifaa nyofu ni ujumbe 200. Kwa iliyopinda ni 600.

Ya pili ni jina. Kwako wewe Mang'era na Mang’era ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ambayo haikufundishwa, ni watu wawili. Mwenye jina la hivyo anaweza kuambiwa hayumo kwenye orodha, kumbe yumo.

Ya tatu ni lugha zetu. Kikuria kina irabu saba, na wanaisimu huandika mbili kati ya hizo kwa ɛ na ɔ. Zikisomwa kwa mfumo wa zamani, ɛ hutokea kama É›. Majirani zetu wa Kenya wanaijua adha hii: jina la mwandishi Ngũgĩ hugeuka NgÅ©gÄ©. Anayetaka kuhifadhi hadithi za wazee kwa maandishi ahakikishe faili lake linatunzwa kwa UTF-8.

Ufanye nini?

Unapoandika ujumbe wa watu wengi, tazama hesabu ya herufi pembeni. Ikiruka ghafla kutoka 160 kwenda 70, tafuta ritifaa iliyopinda, uifute, uandike nyofu. Ukiandikishwa mahali popote, omba kuliona jina lako kwenye kioo au karatasi kabla ya kutia sahihi. Na usikubali kushauriwa uiache ritifaa kabisa. Kung'oa ni kung'oa. Ngoa ni wivu. Alama ikipotea, neno limepotea nayo.