Elimu ya Zabibu Ina Faida Gani kwa Vyama vya Unguja?

Zabibu zinazouzwa katika soko la Darajani, Mji Mkongwe, hazikuvunwa Unguja, zimevuka bahari. Walakini elimu ya zabibu, ambayo huunganisha katika somo moja kazi ya shamba na kazi ya kiwanda, inakihusu kila chama cha ushirika kinachofikiria kumsomesha kijana wake. Yafaa wanachama waielewe kabla ya kutoa fedha zao.

Asili ya somo hili ni hasara. Kuanzia mwaka 1863 mdudu mdogo mithili ya chawa alishambulia mizizi ya mizabibu kusini mwa Ufaransa, na kwa muda wa miongo michache mashamba mengi ya Ulaya yakaangamia. Mazoea ya mababu hayakufua dafu. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuunganisha tawi la mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Marekani, ambao mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Katika miaka hiyo hiyo ya msiba vilifunguliwa vyuo vya zabibu, kikiwamo cha Geisenheim, Ujerumani, mwaka 1872, na cha Conegliano, Italia, mwaka 1876. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika ya Kusini, ndicho mashuhuri kwa somo hili.

Mwanafunzi husoma sehemu mbili. Shambani hujifunza udongo, uchaguzi wa mbegu, upogoaji na maradhi kama ubwiri unga. Kiwandani hujifunza kemia na elimu ya vijidudu: jinsi hamira inavyoigeuza sukari ya tunda kuwa kileo na hewa ya ukaa, na jinsi vijidudu vingine, vikipata hewa, vinavyokigeuza kileo hicho kuwa siki. Kiungo cha sehemu hizi mbili ni siku ya kuvuna. Tunda likichumwa mapema huwa chachu, likicheleweshwa huoza. Kwa hiyo mtaalamu hapimi kwa macho pekee, bali hukamua tone la maji ya tunda na kulipima sukari kabla ya kuamuru vishada vikatwe.

Katika Tanzania, nyumba ya zabibu ni Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki walizipanda Bihawana. Utafiti wa zao hilo hufanyika katika kituo cha Makutupora. Nchi za baridi huvuna mara moja kwa mwaka, kwa kuwa mzabibu hulala wakati wa baridi. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Mkulima huuamsha mzabibu kwa kuupogoa, naye huweza kuvuna mara mbili. Pamoja na neema hiyo, katika miaka ya karibuni wakulima wa huko wameshuhudia zabibu zikiozea shambani kwa sababu wanunuzi hawakutosha. Aliyeweza kukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu katika matangi alipata muda wa kungoja soko. Asiyeweza alikubali bei yoyote.

Je, Unguja ipande mizabibu? Haishauriwi. Dodoma kwa kawaida hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, ilhali Unguja hupata zaidi ya 1,500, na unyevu huo ndio chakula cha ukungu. Tena wananchi walio wengi ni Waislamu, na ulevi kwao ni haramu. Lakini hasara ya Dodoma haina tofauti na ya mwenye mashokishoki, maembe au machungwa ambaye, msimu unapofika, hutupa sehemu ya mavuno yake. Elimu ya kupima ukomavu, kukausha, kukamua na kuhifadhi ni ile ile, ijapokuwa tunda ni jingine.

Elimu hiyo haihitaji safari ya Ulaya. Kizimbani, mahali palipokuwa miongoni mwa pa kwanza kupandwa mikarafuu Unguja, ipo Shule ya Kilimo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Anayetaka shahada ya kilimo cha bustani au ya sayansi ya chakula huweza kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984.

Kabla ya kumlipia kijana karo, ni wajibu wa mkutano mkuu kuamua na kuandika katika kumbukumbu zake mambo manne:

(a) Ni zao gani la chama linaloharibika zaidi, na kwa kiasi gani kila msimu. Kozi ichaguliwe kwa kufuata zao hilo, si kwa uzuri wa jina lake.

(b) Kijana atachaguliwa kwa sifa zipi, ili pasiwe na upendeleo wa jamaa za viongozi.

(c) Atakitumikia chama miaka mingapi baada ya kuhitimu, na atarejesha nini asiporudi.

(d) Atakaporudi atakuta vifaa gani. Mtaalamu asiye na kipimo, chombo wala ghala safi hawezi kuliokoa hata pakacha moja.

Chama kilichomsomesha kijana bila mapatano ya maandishi hakina cha kudai akiajiriwa kwingine, wala kijana hana cha kudai viongozi wakibadilika. Mali bila daftari huisha bila habari. Na elimu iliyonunuliwa kwa fedha za wanachama ni mali kama mali nyingine.