Je, Wajua? Mwenye Mhuri wa Kituoni

Je, wajua kwamba katika safari ndefu za baiskeli unaweza kukosa mhuri wa kituo kwenye kadi yako kwa sababu umewahi mno? Safari zinazofuata kanuni za Audax Club Parisien, klabu iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1904, zina vituo vyenye saa ya kufungua na saa ya kufunga. Kilomita 200 hupewa saa 13 na nusu, kilomita 600 saa 40. Ukifika mapema unakaa kitako, unamsubiri mtu wa kujitolea afungue kidau cha wino.

Je, wajua waendeshaji wasipochungwa wanaweza kudanganya vipi? Treni! Tour de France ya 1904 ilijaa tuhuma za watu kudandia treni na magari. Wanne wa kwanza walinyang'anywa nafasi zao, akiwemo Maurice Garin, bingwa wa 1903. Taji likamwangukia Henri Cornet, kijana wa miaka 19.

Je, wajua kwamba Paris-Brest-Paris, iliyoanza 1891, ni kilomita 1,200, na wengi hupewa saa 90? Vituo vyake vingi huwa shuleni. Mwendeshaji hujitupa chini alale, na mtu wa kujitolea huandika saa ya kumwamsha. Jaribu wewe kumwamsha mtu mzima usiyemjua saa tisa usiku, naye amesahau yuko nchi gani.

Je, wajua kazi ngumu kuliko zote kituoni? Kutosaidia. Katika Transcontinental Race, iliyoanza 2013, kila mtu hujitegemea: pancha anaziba mwenyewe, chakula ananunua dukani kama mteja mwingine yeyote. Sasa kituo cha mbio kama hizo kiweke Tanzania, kule Heru Juu, Kasulu, iliyokuwa nchi ya Mwami Theresa Ntare aliyeshika utawala wa Heru mwaka 1946. Mgeni anapanda kilima akikokota baiskeli, jua la saa nane linamchoma, ugali wa muhogo umeshasongwa na maharage yanatokota. Halafu bibi aliyepika aambiwe asimkaribishe? Kanuni itavunjika kabla wino haujakauka. Ila upenyo upo: kinachouzwa kwa kila mpita njia ni ruksa. Basi bibi afungue mgahawa wa siku moja, sahani shilingi kumi.

Je, wajua kwamba mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia za barabarani zilikuja Afrika kwa mara ya kwanza Septemba 2025, Kigali? Wanaume walipewa kilomita 267.5 za milima. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30. Waha wa Kasulu wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi kwenda sokoni hawakushangaa.

Je, wajua kwamba kadi ya mihuri ikilowa, safari yako haina ushahidi? Wengi huifunga kwenye mfuko wa plastiki. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo atakayefika Heru Juu na mvua za masika ajaribu jani la mgomba.