Silaha ndani ya nyumba: Swali ambalo kamati yetu haikuuliza

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu hapa Bujora ilikaa vikao vitatu kusuluhisha ndoa iliyokuwa inayumba. Tulifuata utaratibu wa Suratun-Nisaa, aya ya 35: mwamuzi mmoja kutoka upande wa mume na mwingine kutoka upande wa mke. Tuliuliza habari za matumizi ya nyumbani, za wakwe, za simu na za kuchelewa kurudi. Kikao cha tatu kilipokuwa kinafungwa kwa dua, yule dada akasema kwa sauti ya chini: "Shehe, mmeuliza yote, ila hamjauliza kilichopo chini ya mto."

Chini ya mto ilikuwapo bastola. Ilikuwa na leseni, na mwenyewe alikuwa nayo kwa sababu inayoeleweka. Ni mfanyabiashara wa dagaa, huondoka Bujora kabla ya adhana ya Alfajiri kwenda Mwaloni, Kirumba, akiwa na fedha taslimu, na aliwahi kuwekewa panga shingoni. Hakuwahi kumwelekezea mkewe silaha hiyo. Alichokuwa akifanya ni hiki: kila mazungumzo yalipopamba moto, aliitoa, akaiweka mezani, kisha akaendelea kuzungumza.

Tulirudi kwenye daftari la kumbukumbu. Katika kurasa zote za vikao vitatu, neno silaha halikuwamo hata mara moja. Tunaandika makala haya kwa idhini ya wanandoa hao, bila ya kuwataja majina, kwa kuwa tunaamini kamati yetu si pekee iliyosahau kuuliza.

Mjadala na pande zake

Mwezi Mei 2022, jiji letu la Mwanza lilishtushwa na habari ya mume aliyemuua mkewe kwa kumpiga risasi nyumbani, kisha naye akakutwa amekufa. Tangu siku zile, kila panapotokea tukio kama hilo, mjadala huzuka upya barazani na vijiweni: je, sheria ya kumiliki silaha ikazwe zaidi, au wenye silaha waachwe wajilinde?

Wanaotaka ikazwe husema kuwa bastola mikononi mwa mtu mwenye hasira haimpi jirani muda wa kufika. Wanaopinga husema kuwa jambazi haombi leseni. Ukimnyang'anya mwema silaha, umembakishia mhalifu peke yake. Huongeza pia kuwa katika Kanda yetu ya Ziwa watu wengi, wakiwamo vikongwe waliosingiziwa uchawi, wameuawa kwa mapanga, na hakuna aliyependekeza panga liombewe leseni.

Hoja hizi za pili si za kubezwa. Mvuvi aliyeporwa mashine ya boti katikati ya Ziwa Viktoria hawezi kuambiwa kuwa hofu yake ni ya kubuni. Lakini panga lina kazi yake shambani, na anayelishika ni lazima amfikie anayemkusudia. Bastola huua kwa kidole kimoja, kutoka upande wa pili wa chumba, na majuto hufika risasi ikiwa imekwishatoka.

Sheria yenyewe inasimama katikati ya pande hizo mbili. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, haikumkataza raia kumiliki silaha, bali imemtaka awe na leseni. Maombi huanzia kwa viongozi wa eneo anakoishi mwombaji kabla ya kupanda ngazi za juu, na mwombaji huangaliwa akili yake na mwenendo wake. Mwaka 2016 ulifanyika uhakiki wa silaha nchi nzima, na katika miaka ya karibuni Serikali imetangaza vipindi vya msamaha ili wenye silaha zisizo halali wazisalimishe kwa hiari bila kushitakiwa.

Pamoja na hayo, sheria huishia mlangoni. Inaweza kumuuliza mtu ni nani siku anapoomba leseni. Haiwezi kukaa naye miaka kumi baadaye, biashara inapoporomoka, usingizi unapokatika, au shaka inapoingia katika ndoa. Wanaoyaona hayo ni mke, watoto, jirani na jamaa wa safu moja ya swala.

Upinde wa Usukumani

Sisi wa Usukumani tuna historia ya jambo hili. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bunduki ziliangukia mikononi mwa wahalifu, na wizi wa ng'ombe ukawa wa kutumia risasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Unyamwezi na Usukumani waliunda sungusungu, wakiwa na pinde na mishale. Huku Usukumani waliitwa pia basalama, jina lenye mzizi wa neno salama.

Hatusemi kuwa sungusungu hawakukosea. Walikosea, na wapo waliodhulumiwa na kuuawa bila ya hukumu ya mahakama, hata ikabidi Serikali iwaweke ndani ya sheria mwaka 1989. Lakini palikuwa na jambo moja la kuzingatia: mshale ule haukuwa siri ya mtu mmoja. Ulibebwa chini ya kiongozi anayejulikana, kwa mwito uliosikiwa na kijiji kizima, na aliyeubeba alijua kuwa anatazamwa. Silaha ya leo hukaa chini ya mto, na anayeijua ni mke peke yake, naye hana wa kumwambia.

Shika ncha

Dini yetu haikunyamaza hapa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alipita msikitini akiwa na mishale, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru azishike ncha zake. Hakumwambia kuwa mishale ni haramu, wala hakumtuhumu kwa nia mbaya. Alimtaka aushike ule upande unaojeruhi, ili hatari ibaki mkononi mwa mwenyewe na isimfikie mwingine.

Mafundisho mengine yamekuja kwa mkondo huo huo. Imekatazwa kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Imekatazwa kumwelekezea mwenzio silaha, hata kwa mzaha, hata akiwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa kuwa huenda shetani akauponyosha mkono. Imekatazwa pia kumtia Muislamu hofu. Basi anayeiweka bastola mezani wakati wa ugomvi, ingawa mdomo wake wa risasi umeelekea ukutani, na aseme mwenyewe: mkewe ametiwa hofu au hakutiwa?

Waislamu tuna sababu nyingine ya kutoyaona haya kuwa mambo ya watu wengine. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, waumini 51 waliuawa kwa risasi katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand. Muuaji alikuwa na leseni halali ya silaha. Haukupita mwezi, tarehe 10 Aprili, bunge la nchi ile likapitisha kwa kura 119 dhidi ya moja sheria ya kupiga marufuku aina nyingi za bunduki za kufyatua mfululizo. Siku zile tuliomboleza na kudai kuwa leseni peke yake haitoshi. Hatuwezi kudai hivyo kwa ajili ya misikiti ya mbali, kisha tukanyamaza kwa ajili ya vyumba vya dada zetu.

Yanayotuhusu nyumbani

Kwanza, mwenye silaha halali aifungie mahali penye kufuli, risasi zikiwa mbali nayo, na ufunguo asiujue mtoto. Chini ya mto, juu ya kabati na ndani ya droo ya kitanda si mahali pa kuhifadhia.

Pili, anayejijua kuwa yumo katika msiba, deni kubwa au mgogoro wa ndoa, aipeleke silaha yake kituo cha polisi ihifadhiwe hadi hali itulie. Kufanya hivyo si unyonge. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika.

Tatu, magobole. Yapo majumba ambamo gobole la babu lililotumika kufukuzia fisi au viboko bado limesimama nyuma ya mlango. Urithi hauondoi haja ya leseni. Kadhalika katika mirathi: leseni ni ya mtu aliyepewa, hairithiwi kama shamba. Mmiliki anapofariki, familia itoe taarifa polisi mapema, kabla ya vijana kuanza kuishikashika.

Nne, na hili ni letu sisi wa kamati, masheikh na wazee wa familia. Tunapoombwa na viongozi wa mtaa maoni juu ya mtu anayetaka leseni, tusitoe ushahidi kwa kuoneana haya, huo ni ushahidi mbele ya Allah (s.w.). Na tunapoketi kusuluhisha wanandoa, swali la silaha liulizwe katika kikao cha kwanza, kila upande ukiwa peke yake. Msikitini kwetu swali hilo sasa limeandikwa katika ukurasa wa mbele wa daftari, juu ya swali la mahari na la matumizi.

Yaliyofuata

Yule bwana alipoulizwa, aliinama kwa muda. Kisha akasema hakuwahi kufikiri kuwa bastola ile ilikuwa inazungumza badala yake. Siku ya pili, baada ya swala ya Adhuhuri, wazee wawili walifuatana naye hadi kituo cha polisi, ikapokelewa na kuandikishwa. Siku hizi husafiri na wenzake wawili katika gari moja, na sehemu kubwa ya malipo huipitisha katika simu. Hofu ya njiani haijamwisha, naye hajatuficha hilo. Huenda siku moja akaiomba tena silaha yake, na sheria inampa nafasi hiyo.

Tulipomuuliza mkewe hali ya nyumbani, tulitarajia shukrani nyingi. Alitujibu hivi: "Wiki iliyopita tuligombana kwa ajili ya ada ya shule, Shehe, na niliyasema maneno yangu mpaka mwisho."

Tunamuomba Allah (s.w.) azijaalie nyumba zetu ziwe mahali ambapo mwanamke na mtoto wanaweza kuyasema maneno yao mpaka mwisho. Amin.