Tone Moja la Port Ellen

Si nia ya safu hii kusifu ulevi, na wasomaji wetu wengi wanaojiepusha nao kwa ajili ya dini yao tunawaheshimu. Lakini tulipozuru kisiwa cha Islay, magharibi ya Scotland, tuliwekewa bilauri yenye tone la wiski ya Port Ellen, nasi tukaona kwamba tone lile lina funzo kwa kila mkaa kisiwani na kwa kila mtumishi wa serikali.

Tulinusa kwanza. Ulipanda moshi, ukafuatwa na harufu ya mwani na chumvi ya bahari. Ulimini tulipata ukali wa limau, kisha moshi ule ukarudi taratibu, kama wa kuni zilizozimwa usiku. Moshi huo hutokana na udongo mweusi wa majani yaliyooza, unaochimbwa kinamasini, ukakaushwa na kuchomwa chini ya kimea cha shayiri. Kinywaji kikishakenekwa hulazwa katika mapipa ya mwaloni. Sheria yadai miaka 3 tu; hicho tulichoonja kilikuwa kimelala zaidi ya 20. Kila mwaka kiasi cha asilimia 2 hupotea hewani, na wenyewe huliita fungu la malaika.

Hata hivyo, umri peke yake haukulipa tone lile thamani yake. Kiwanda kilifungwa mwaka 1983. Maghala ya Scotland yalikuwa yamefurika, wanunuzi wamepungua, na wenye kampuni wakachagua kubakiza kiwanda chao kikubwa zaidi kisiwani humo, Caol Ila. Mitambo ikang'olewa. Kumbe mapipa yaliyobaki ghalani yalizidi kukomaa, na miaka 20 baadaye chupa zake zikawa zagombewa na matajiri wa dunia. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba pauni milioni 35 zingetumika kukifufua pamoja na kiwanda cha Brora, kilichofungwa mwaka ule ule. Port Ellen kikafunguliwa tena mwaka 2024, kwa mitambo mipya iliyofuatisha umbo la ile ya kale.

Lililotugusa zaidi ni jambo jingine. Jirani ya kiwanda hicho pana kiwanda cha kimea, kilichojengwa mwaka 1973. Mwaka 1987 wenye viwanda vya wiski kisiwani, ingawa ni washindani, waliahidiana kununua kimea hapo ili ajira za watu zisipotee. Umoja huo ulilinda kazi ambazo hesabu ya mtu mmoja mmoja isingezilinda.

Tunawaomba wakubwa wetu walitafakari hilo. Mkarafuu hauzai siku upandwapo, wala fundi hafundwi kwa msimu mmoja. Mali inayokomaa kwa miaka 20 haipimwi kwa daftari la mwaka 1. Kufunga kiwanda cha kisiwa ni kazi ya kalamu na asubuhi moja. Kukifungua tena kuliwagharimu wenzetu wa Islay miaka 41. Kabla kalamu haijashikwa, waulizwe wanaokaa kisiwani.