Kizunguzungu cha Mjamzito Kazini Si Uvivu



Mwenzetu mmoja alianguka karibu na meza ya kufungia maboksi katika kiwanda kimoja hapa Luzira. Ilikuwa saa kumi alfajiri, zamu ya usiku. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, naye alikuwa ameificha chini ya ovaroli pana. Msimamizi aliandika katika daftari kwamba amelala kazini. Sisi wa chama tulipomwuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu: "Ningesema, kesho yake jina langu lisingesomwa getini."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike. Wako wengi wanaoficha hivyo, viwandani na katika mashamba ya chai, miwa na maua. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Basi tulieleze jambo hili wazi, wanawake kwa wanaume.

KIZUNGUZUNGU HUTOKA WAPI

Mimba ikikomaa, damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Lakini sehemu ya maji huongezeka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo damu huwa nyepesi. Mishipa nayo hulegea. Mama akisimama mahali pamoja kwa muda mrefu, damu hushuka na kukaa miguuni, na ile ya kichwani hupungua. Hapo macho huingia giza. Joto la mashine, kiu na njaa huzidisha hali hiyo. Anayetembea kidogo hupata nafuu, kwa kuwa misuli ya miguu husukuma damu irudi juu. Anayesimama kama nguzo saa nane huumia.

Kulala chali pia huleta kizunguzungu miezi ya mwisho, maana uzito wa mtoto hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mama alale kwa ubavu. Wa kushoto ni bora.

Hayo ni ya kawaida. Lakini uchovu usiokwisha hata baada ya kulala huenda ukawa upungufu wa damu, nao ni ugonjwa. Kituoni hupimwa kwa tone la damu: kwa mjamzito, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, chini ya 7 ni hatari kubwa. Sababu zake tunaishi nazo. Sisi wa Luzira tuko kando ya Ziwa Victoria, mbu hawatukosi, na malaria huvunja chembe za damu. Wenzetu wa mashamba wanaokanyaga udongo bila viatu hupata minyoo ya safura, inayonyonya damu tumboni. Na posho tupu kila siku haijengi damu.

LA KUFANYA

Ukihisi kizunguzungu, usishindane nacho. Jitenge na mashine, kaa chini au lala kwa ubavu, kunywa maji, mwite mwenzako. Usiinuke ghafla. Mwenzako akianguka, kwanza zima mashine, kisha mlaze kwa ubavu. Msimzonge, apate hewa.

Chakula kilete damu: maharage, dagaa, mboga za majani kama dodo, nyama ikipatikana, pamoja na chungwa au limau. Chai isinywewe pamoja na chakula wala vidonge, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ingoje saa moja au zaidi.

Anza kliniki mapema. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonwe mara 8. Huko hupewa vidonge vya kuongeza damu vya kila siku, dawa ya minyoo, na Fansidar ya kukinga malaria kuanzia mwezi wa nne. Anayemeza Septrin kila siku amwambie mkunga, kwa kuwa dawa hizo mbili hazichanganywi. Vituo vya serikali vilifutiwa ada ya matibabu mwaka 2001.

USINGOJE MWISHO WA ZAMU

Nenda kituoni saa hiyo hiyo ukiona haya: kichwa kuuma bila kutulia, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au maumivu makali juu ya tumbo. Hizo ni dalili za presha ya mimba, iletayo kifafa cha mimba. Vilevile ukitokwa damu, ukipata homa, ukizimia, ukihema hali umekaa, au mtoto akipunguza kucheza. Hapa dakika zina thamani kuliko boksi lolote.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inamtaka kila mwajiri amlinde mfanyakazi mwanamke wakati wa mimba na baada ya kuzaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili; angalau wiki 4 kati ya hizo ziwe baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Apeleke taarifa ya maandishi siku 7 kabla. Akirudi, ana haki ya kazi yake au nyingine inayofaa, isiyo na masharti duni. Mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu. Baba naye ana siku 4 za kazi.

Na vibarua? Kanuni za mwaka 2011 zinasema mtu asifanywe kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Tunza karatasi zako za malipo, ndizo ushahidi. Ukifukuzwa, usikae nyumbani ukilia: njoo chamani na twende kwa ofisa wa kazi kabla miezi mitatu haijapita.

Lakini sheria haiketi mezani pamoja na msimamizi kila zamu. Hiyo ni kazi yetu. Katika makubaliano ya pamoja tudai kiti kwa mjamzito, maji safi karibu, mapumziko mafupi, ruhusa ya kliniki bila kukatwa, na kuondolewa zamu ya usiku, mizigo mizito na dawa za kunyunyizia mashamba.

Mwenzetu yule alipopimwa alikutwa na malaria na upungufu wa damu. Tulipeleka karatasi ya kituo kwa meneja, maneno ya daftari yakafutwa, akapewa kazi ya kubandika lebo, ameketi. Alijifungua salama. Gharama kwa kiwanda ilikuwa kiti kimoja.

Basi, dada, ukijijua una mimba, mwambie mwakilishi wa chama mapema. Nawe ndugu mwanamume, ukimwona mwenzako ameshika ukuta, usimcheke wala usimsemee kwa msimamizi. Mpe kiti, shika nafasi yake, tuite.

Umoja ni nguvu.