Maji ya Kunywa Hayamfai Kamba

Anayetaka kuweka matumbawe hai katika duka la samaki wa mapambo mjini Lushoto huhangaikia kwanza taa, chumvi na baridi. Baridi ni hoja ya kweli. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na matumbawe yanataka maji ya nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai umeme ukikatika tangi haliko salama. Lakini baridi huonekana kwenye kipimajoto, na hita zinauzwa. Adui asiyeonekana ni shaba, na vita dhidi yake huamuliwa mapema, siku fundi anapopanga mabomba, kabla mnyama wa kwanza hajanunuliwa.

Shaba hiyo mara nyingi huletwa na mwenye duka mwenyewe. Samaki wa baharini wakishikwa na ugonjwa wa madoa meupe, dawa iliyozoeleka ni ya shaba, kwa kiwango cha miligramu 0.15 hadi 0.20 katika kila lita ya maji. Samaki wengi hustahimili kiwango hicho na kimelea cha ugonjwa hufa. Kamba, kaa, konokono, viti vya pweza na matumbawe nao hufa. Ajabu ni kwamba damu ya kamba na kaa husafirisha oksijeni kwa shaba, kama yetu inavyotumia chuma. Ila shaba hiyo imefungwa ndani ya protini, na ile inayoelea huru majini huvuruga matamvua na vimeng'enya. Sasa tazama desturi ya maduka: matangi yote huunganishwa kwenye chujio moja, kwa kuwa pampu moja ni nafuu kuliko nne. Kwa samaki watupu mpango huo unafaa. Akiingia kamba mmoja, kila dawa anayopewa samaki inamfikia. Wapo watakaosema kwamba wataacha dawa matumbawe yakishafika. Wamechelewa, maana shaba hunata kwenye mawe ya chokaa na changarawe, kisha hurudi majini kidogo kidogo, hasa maji yanapozidi asidi.

Pingamizi kubwa zaidi ni la wenyeji: maji ya Lushoto ni safi, tunayanywa. Ni kweli, lakini usafi wa maji hutegemea nani anaishi ndani yake. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa, yaani mara kumi ya kipimo kinachoua kamba. Maji yanaweza kufaulu kwa binadamu na bado yakawa sumu tangini. Tena milima hii ya Usambara ni ya nyanya, viazi na kahawa, mazao ambayo wakulima huyapulizia dawa za ukungu, nyingine zikiwa na shaba, jamii moja na mrututu. Sisemi kwamba mito yake imeharibika. Sehemu kubwa ya shaba hunaswa na udongo. Ila udongo wa miteremko hii huteremka na mvua, na mwenye duka hajui lini. Chemchemi inayotoka juu ya mashamba, ndani ya msitu wa Magamba, ina nafuu, lakini nayo hupita kwenye koki na viungio vya shaba nyeupe kabla ya kufika dukani. Maji ya mvua hupita juu ya bati lenye zinki, ambayo nayo huwadhuru wanyama hawa.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kununua ni mashine ya kuchuja maji kwa utando, kisha chumvi maalumu ya matangi. Chumvi ya mezani haitoshi, kwa sababu bahari ina pia magnesi, miligramu 1,300 hivi kwa lita, na kalsiamu zaidi ya 400 ambayo matumbawe hujengea mifupa yao. Kuchota maji Tanga kunavutia mpaka upige hesabu: lita 200 ni zaidi ya kilo 200 za kupandisha kilomita 33 za kona kutoka Mombo, mji ulio chini ya milima. Na wakati wa masika Mto Zigi, unaotoka Usambara Mashariki, hupeleka tope na maji baridi yasiyo na chumvi pwani ya Tanga.

Gharama ya mfumo wa pekee wa matumbawe na kamba, usiounganishwa na chujio la samaki, si kubwa kama inavyohofiwa, kwa kuwa hauhitaji ukubwa: tangi moja lenye pampu, hita, wavu na ndoo zake, visivyoazimwa upande wa samaki. Pampu isiwe dhaifu, kwani kwa mwinuko huu maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga. Mawe yakae wiki nne hadi sita bila mnyama, bakteria wajijenge, hadi amonia na nitraiti zisomeke sifuri. Vipande vya matumbawe vinunuliwe kwa mfugaji mwenye vibali. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe, na miamba ya Tanga si ghala. Na ukiuziwa tangi lililotumika pamoja na mawe yake, muulize muuzaji kama liliwahi kutiwa dawa. Akisita, liwekee samaki.